Sauti Iliyotoka Kwenye Kibuyu cha Mama Chelangat

Jamani, leo nimeaibika ukweni. Si ile aibu ndogo ya kuingia sebuleni na viatu vya matope. Nimepanguswa uso na kitambaa cha kochi, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya baba mtu, mama mtu na anko wangu. Kaeni niwaambie, na vicheko wekeni kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni Nyakundi, mwalimu wa fizikia huku Kapsoit, Mkisii niliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai. Chelangat ni muuguzi, na ananipenda (sijui kwa sababu gani, na sijauliza nisije nikamwamsha). Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwao, upande wa Silibwet, kujitambulisha. Nikienda vizuri, baba yake atasema turudi na wazee wetu tuongee mambo ya ndoa. Nikiharibu, stori inaishia hapo mlangoni.

Asubuhi Chelangat akanipigia simu.

"Nyakundi, nakuomba kitu kimoja tu."

"Sema, mpenzi."

"Leo usisikilize vitu."

(Si mnaona vile ananijua.)

Huo ndio ugonjwa wangu. Watu wengine wakisikia gitaa kanisani wanapiga makofi. Mimi nafumba macho na kuwaza ile hewa iliyojificha ndani ya tumbo la gitaa. Uzi peke yake hauna sauti ya maana, ukiuvuta hewani hata aliye karibu hasikii vizuri. Lakini ukiufunga juu ya sanduku la mbao, ule uzi unatikisa mbao, mbao inatikisa hewa, na hewa inakuja kukugonga kifuani mpaka unakumbuka marehemu nyanya yako. Nikianza kuwaza hivyo sirudi haraka. Nimewahi kuunguza ugali kwa sababu kifuniko cha sufuria kilikuwa kinaimba. Na habari hizi zilikuwa zimefika Silibwet kabla yangu, kwa maana baba yake alimuuliza Chelangat, "Huyu mwalimu ni yule husimama barabarani akiota?"

Basi nikaapa. Leo nitakuwa mtu wa kawaida.

Nilienda na Anko Omwenga, kakake baba, ndiye wa kunisemea. Tulishuka kwa pikipiki tukamalizia kwa miguu, kwenye njia nyembamba katikati ya majani chai. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani, na akina mama wanaochuna walionekana nusu tu, vichwa na vikapu vikielea polepole kama watu wanaoogelea. Kulikuwa kimya, kile kimya cha huku kwetu ambacho ukikitegea sikio unakuta kimejaa vitu.

Halafu tukafika kwenye geti. Geti la mabomba ya chuma, yamekatwa juu na kuachwa wazi. Upepo ukapita. Geti likaguna.

Nikasimama. Lile bomba refu la pembeni lilitoa sauti nzito, la katikati fupi likajibu kwa sauti nyembamba, na upepo ulipolegea zote mbili zikazama taratibu ndani ya ukungu. Nilihisi miguu yangu haiko chini.

"Kijana, watu wanatungoja," Anko akasema.

"Anko, sikiza. Si chuma kinachoimba, ni hewa iliyo ndani. Bomba refu lina hewa ndefu, hewa ndefu inatikisika polepole, ndiyo maana sauti ni nzito."

"Mimi nasikia njaa. Hiyo nayo ni nzito."

Akanivuta na mkono mpaka mlangoni.

Tukapokewa vizuri, siwezi kudanganya. Salamu, maji ya kunawa, maombi. Mzee, yaani baba yake Chelangat, alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Sebule ilikuwa imepambwa na vitambaa vya kufuma kila mahali, hata redio ilikuwa imevalishwa. Nikakaa wima. Nikajibu nilipoulizwa. Chelangat akanitazama kwa jicho la kusema endelea hivyo hivyo.

Ndipo Mama Chelangat akaleta mursik.

Kwa wale hawajui, mursik ni maziwa yanayowekwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa, yakalala humo siku nyingi mpaka yakaiva. Na kibuyu chenyewe, sotet, ni mali ya mama wa nyumba. Hiki kilikuwa kikubwa, kimevishwa shanga nyekundu na nyeupe shingoni, kimeng'aa kwa kushikwa na mikono ya miaka. Mama alikitikisa, akakifungua, akaanza kumimina.

Wueh!

Mlio wa kwanza ulikuwa mwepesi. Uliofuata ukashuka kidogo. Akamjazia Mzee, ukashuka tena. Akamjazia Anko, sasa ulikuwa unatoka chini kabisa. Maziwa yakipungua, hewa inapata nafasi, na tumbo la hewa likikua, sauti inashuka. Kibuyu kilikuwa kinaniambia kimebaki na kiasi gani! Nikahisi niko ndani yake, mahali pa giza na baridi tamu panaponuka moshi, nikielea.

"Mwalimu," Mzee akasema, "unaangalia nini hapo?"

Chelangat akanikanyaga kidole.

"Nashukuru tu, Baba. Kongoi."

Tukanywa. Maziwa yalikuwa matamu, na uchachu wake wa moshi unabaki kwa ulimi. Yaliyobaki yalikuwa ya wazee wa jirani waliotarajiwa baadaye, kwa hivyo Mama aliacha kibuyu mezani na kufunika juu juu tu.

Baadaye Mzee akamwita Anko waende kuona ng'ombe aliyezaa. Mama na Chelangat wakaenda jikoni kupakua chakula.

"Wewe baki upumzike, mgeni," Mama akaniambia. "Hilo shati jeupe halijui boma letu."

Nikabaki. Mimi na kibuyu.

Niliangalia ukuta. Nikaangalia kalenda. Nikaangalia dirishani, ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye kioo. Kisha mkono wangu (sikuutuma, nawaambia ukweli) ukatoa kile kifuniko. Nilijiambia ni mara moja tu, tena kidogo, nani atajua.

Nikaweka mdomo wa chini kwenye ukingo na kupuliza kwa juu. Pfff. Hakuna kitu. Nikasogeza mdomo kidogo, nikapunguza pumzi.

Hoooo.

Jamani. Sijui niwaambieje. Ile sauti haikutoka kwenye kibuyu, ilitoka kwenye chumba kizima. Pumzi inapita juu ya shingo, hewa ya shingoni inasukumwa ndani, ile ya tumboni inabanwa na kukataa, inairudisha nje, inaivuta tena, mara nyingi sana kwa kufumba na kufumbua. Na kule kwenye kabati, glasi za wageni zikaanza kutetemeka na kuimba pamoja nacho, kwa sababu kila kitu kina sauti yake, na sauti hiyo ikipita karibu, kinaitika. Nikafumba macho. Nikaona nyumba yetu mimi na Chelangat, mlimani, madirisha yamefunguliwa, na watoto wetu wamepanga chupa za maji ukutani, kila moja na kiwango chake, wanapuliza wimbo, na mama yao hakasiriki. Furaha ilinijaa mpaka machozi yakanilenga.

Nikataka kujua kukiinamisha kidogo sauti itabadilika vipi.

Nikainamisha. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Mwalimu wa fizikia, digrii ukutani, nikasahau kwamba maziwa ukiyainamisha yanakuja! Pumzi iliyakuta shingoni ikayatupa yote usoni kwangu. Mursik kwa macho. Mursik kwa pua. Shati jeupe likawa na madoadoa ya mkaa mpaka kwenye mshipi.

Na mlango ukafunguka.

Mzee. Nyuma yake Anko. Kutoka jikoni, Mama na Chelangat wameshika sahani. Na mimi kati yao, kibuyu kiko mdomoni, maziwa yanatiririka kwenye ndevu.

Glasi moja kwenye kabati ilikuwa bado inalia.

"Mwalimu," Mzee akasema polepole, "kama ulitaka kuongezwa, si ungesema?"

Hapo ndipo nilipoona nimenaswa. Nikikubali kwamba nilikuwa nakunywa, mimi ni mlafi aliyeingiza mdomo kwenye kibuyu cha wazee siku ya kwanza ukweni. Nikikataa, basi nilikuwa nafanya nini humo?

"Baba, sikuwa nakunywa."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa… napuliza."

Mama Chelangat akaweka sahani chini. "Unapuliza maziwa yangu?"

"Si maziwa, Mama, ni hewa!"

"Hewa ya mdomo wako?"

(Nilipaswa kukubali ulafi.)

Nikaanza kueleza. Nikasema shingo, nikasema tumbo, nikasema mtikisiko, nikasema filimbi na tarumbeta ni ndugu za kibuyu. Kila neno lilitoka na tone la maziwa. Anko alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Chelangat alikuwa ameuma mdomo, na sikujua ni kicheko au ni kilio. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilifikiria zile chupa ukutani zikivunjika moja moja.

Mzee akakaa. "Sawa. Puliza tusikie."

Nikashika kibuyu. Pfff. Midomo ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto aliyetoka mtoni. Pumzi inatakiwa igonge ukingo sawasawa, na yangu ilikuwa inagonga kila mahali. Pfff. Nikajaribu tena na tone likaruka likatua kwenye suruali ya Mzee.

"Baba, kilikuwa kinaimba. Haki ya Mungu kilikuwa kinaimba!"

Mzee akamgeukia mkewe. "Kibuyu ni chako. Sema wewe."

Mama Chelangat alichukua kitambaa cha kochi, kile cha kufuma, akanipangusa uso nacho, macho, pua, ndevu, kwa nguvu, vile mama hupangusa mtoto wake kabla ya kuingia kanisani. Hakuwa na haraka. Kisha akakifunika kibuyu na kukiweka mapajani mwangu.

"Hiki sasa hakinyweki na mtu," akasema. "Utakibeba. Ukioshe, ukisugue na brashi ya sosiot mpaka ndani, ukipake mkaa wa mti wa senetwet, uweke maziwa yako, yalale mpaka yaive. Halafu uniletee kikiwa kimejaa."

Nikaitikia kwa kichwa tu. Nilifikiri hiyo ni adhabu, na baada ya adhabu ni kwaheri.

"Na usilete peke yako," Mzee akaongeza akipangusa suruali. "Kuja na wazee wako."

Bado sikuelewa. Nilikuwa nawaza nitaanza wapi kuosha. Anko akanifinya paja mpaka nikaruka.

"Sema kongoi, mjinga! Umepewa msichana!"

Chelangat akakimbilia jikoni, na kile alichokuwa amekishikilia kikamtoka. Kilikuwa kicheko. Tulikisikia kwa muda mrefu, na Mama naye akaenda kumsaidia.

Sasa niko nyumbani. Shati liko kwenye beseni. Kibuyu kiko mbele yangu mezani, na maisha yangu yote yanategemea maziwa kuiva bila kuharibika, mimi Mkisii ambaye sijawahi kuosha kibuyu tangu nizaliwe. Kama kuna mtu hapa anajua mahali naweza kupata mkaa wa senetwet, na ile brashi, na mama wa kunifundisha, tafadhali anitafute leo leo. Na nyinyi wa kucheka, chekeni mkiwa mmefunga mdomo. Mimi wangu niliuachilia dakika chache tu na mmeona ulikonifikisha.