Pole Moja Tu

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe amefika. Atakaa mpaka Jumamosi! Nimempokea mkoba kwa adabu zote, shikamoo mbili mfululizo. Toka kituoni hadi nyumbani hakumpita mtu bila kumpa pole na kazi. Muuza maji, pole na kazi. Fundi viatu, pole na kazi. Mlinzi wa duka la dawa, amelala mdomo wazi, naye pole na kazi! Tukafika. Mke wangu yuko kwenye cherehani, pini mdomoni, miguu inakanyaga. Akapewa pole na kazi na kukumbatiwa juu yake. Kisha mama akanigeukia. Nikajiweka sawa. Akaniuliza kama nimekula.

Nimeona haya mpaka masikio yamewaka. Ni kweli, kiwanda cha magodoro kilichoniajiri kilifungwa mwaka juzi na sijapata kingine. Lakini kutafuta kazi si kazi? Nimeapa: kabla hajaondoka, atanipa pole yangu.

Jumanne, 4 Juni

Nimejimwagia maji usoni nyuma ya nyumba, nikaingia ndani nahema. Jasho la uhakika! Mama mkwe akanishika paji la uso, akasema pole na homa. Nimelazwa. Nimenyweshwa dawa chungu. Majirani wamekuja kunijulia hali, na mimi mzima wa afya chini ya blanketi! Mke wangu alijua. Alitikisa kichwa tu, akarudi kwenye cherehani. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 5 Juni

Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Nimegundua dawa: ngazi. Mwenye ngazi begani haulizwi anakwenda wapi. Nimeikuta imeegemea ukuta wa zahanati, haina mwenyewe, nikaitwaa. Jamani! Njia nzima pole na kazi, pole na kazi. Najibu asante, nimeshapoa, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nimezunguka mtaa mpaka bega limechubuka. Halafu nikaipitisha taratibu mbele ya mama mkwe. Akafungua mdomo.

Papo hapo watu wakaja mbio wakiita mwizi. Kumbe Fundi Rangi alikuwa juu ya paa la zahanati! Ameshinda huko juani, anapunga brashi, anaita, na wagonjwa chini wanampungia mkono kwa furaha. Aliyeniombea radhi ni mama mkwe. Yeye! Kwa niaba yangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Fundi kasema polisi wa nini, nitamshikia ngazi mpaka amalize.

Ijumaa, 7 Juni

Kushika ngazi ni kazi ya ajabu. Umesimama tu, lakini ukipiga chafya mtu wa juu anasoma dua. Fundi kanieleza kwamba ngazi ikitulia na mkono unatulia, mkono ukitulia mstari unanyooka. Nimeutazama mstari. Umenyooka kweli. Kuna kitu kikanipanda kifuani, kama furaha hivi. Bila shaka ni harufu ya rangi.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kapita zahanati na mkoba wake, anaelekea kituoni. Akasimama. Akasema poleni na kazi.

Poleni! Ya wingi! Fundi akaidaka huko juu, asante mama, tumeshapoa. Je, nimo? Maana wako watu wanaosema poleni kwa heshima, hata kwa mtu mmoja. Mama akakata kona. Sikuvumilia. Nikamkimbilia mpaka kituoni, nikamuuliza kwa unyenyekevu wote ile poleni ilikuwa ya wangapi. Gari limeshawashwa. Akanitazama weee, halafu akasema na wewe pia mwanangu, pole na kazi. Nimeipata! Kisha akauliza ngazi nimemwachia nani.

Lo!

Nimerudi nikamkuta Fundi ananing'inia kwenye bomba la maji ya mvua, wauguzi wawili wamemkamata miguu. Nilitarajia matusi. Alikung'uta suruali, akasema Jumatatu niwahi, ukuta wa nyuma bado, na safari hii atanilipa. Mbele ya watu wote! Angenizaba kofi nisingeaibika hivyo.

Jumapili, 9 Juni

Nimempelekea Fundi salamu kwamba kesho sitaweza. Mtu akishapewa pole sharti apoe, la sivyo amepewa ya nini? Nimejinyoosha kwenye kiti tangu asubuhi. Mke wangu anamalizia sare za shule, Jumapili hii hii, macho yamemwiva. Katikati ya mshono akasimamisha cherehani, akanitazama kama anayengoja neno.

Nikaona haya ghafla, sijui ya nini. Basi nikampa neno. Nimemwambia apunguze kelele, kuna mtu anapoa.