Tope Lililoruka Ukuta

Jumatatu, 4 Machi

Nimemaliza! Ukuta wa magunia ya mchanga umesimama ndani ya bwawa, chini kabisa sakafuni, mbele ya mdomo wa bomba linalopeleka maji mtaani. Kila mvua tope huingia humo. Safari hii litagonga mwamba. Jumamosi kamati itaamua: nibaki msimamizi wa bwawa, au nafasi apewe shemeji yangu, fundi bomba. Nimewaahidi maji safi. Shemeji alicheka, akaniita mzee wa magunia, akasema dawa ni kuinua mdomo wa bomba. Kicheko cha mwenye njama.

Jumanne, 5 Machi

Mvua kubwa. Nilikaa ukingoni na mwavuli kutwa nzima. Maji ya juu maangavu kama kioo. Tope halikupita, ningeliona. Jioni mabomba ya mtaa yakatoa uji wa kahawia! Haiwezekani. Tope halina miguu. Basi kuna aliyelibeba. Nimekagua viatu vya shemeji mlangoni kwake. Vina tope. Vyangu pia, lakini mimi najua nilikokuwa.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu, dada yake huyo shemeji, ameniita jikoni. Kajaza maji kwenye karai, kaweka tofali katikati, kisha kamimina maji ya udongo pembeni. Yakazama. Yakatambaa chini kwa chini. Juu kukabaki safi. Yalipolifikia tofali, mengine yakapanda na kuliruka, mengine yakalizunguka, mengine yakarudi yalikotoka. Akasema, “Umeona, baba watoto? Tope zito, linapita chini. Na likija kwa kasi, linapanda.” Akanishauri niinue mdomo wa bomba, tope lipite chini yake.

Shauri la kaka yake, neno kwa neno! Wamepanga. Damu nzito kuliko maji, na tope la watu hawa ni zito kuliko vyote viwili.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeupandisha ukuta, sasa kimo chake ni mara mbili. Kisha nikatega: uzi kuzunguka bwawa, na makopo matupu ya kulia. Jioni makopo yakalia! Nikatoka mbio na fimbo. Aliyenaswa ni mwenyekiti wa kamati, amekuja kukagua. Yumo majini hadi kifuani. Aliyemvuta ni shemeji, eti alikuwa anapita tu. Eti!

Jumamosi, 9 Machi

Jana mvua tena. Tope lililozuiwa mbele likazunguka pembeni, likachimba mchanga chini ya magunia. Ukuta ukaangukia bomba. Leo asubuhi mtaa mzima hauna hata tone. Kamati haikukaa dakika tano. Shemeji ndiye msimamizi. Akanipa mkono, akasema, “Pole, shemeji. Njoo unisaidie kuinua bomba.” Nimekataa. Mtego.

Jumatatu, 11 Machi

Ameinua bomba. Usiku mvua imenyesha, na asubuhi maji safi kabisa! Sasa kila kitu kiko wazi. Amepata cheo, ameacha kubeba tope. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Ukuta wangu haukuwa na kasoro. Ulikuwa mbali mno na mhalifu. Nimeagiza magunia mengine. Huu nitaujenga mlangoni kwake.