Nyumba Yangu Imehamia Lweba

Baraka, mwezi wa Agosti 1956

Kwa Bwana Mwandishi wa gazeti la misioni

Ndugu Mwandishi,

Pokea salamu za mtu mpole ambaye hajakusumbua hata siku moja. Tangu gazeti lako lianze kufika Baraka nalisoma lote, hata zile habari za kufuga sungura, na sijawahi kulalamika. Leo nalalamika. Naitwa Isidore Wilondja, kapita wa pamba, yule anayesimama kwenye mizani siku za soko, na wakulima wa hapa hadi Ubwari wananiheshimu. Nina mke mmoja niliyemwoa kwa utaratibu, na mtoto aitwaye Raphaël. Jina la mke wangu sitaliandika humu. Mstaarabu anajua kwa nini, na asiyejua atajifunza huko chini.

Mwezi uliopita ulichapa maneno ya Mamere Godelieve, mtawa anayewafundisha wamama kushona na kusoma. Aliandika kwamba wanaume wa huku tunawaita wake zetu kwa maneno yaliyochakaa, na kwamba ingefaa kila mume amwite mke wake kwa jina. Uliyaweka ukurasa wa mbele, juu ya habari za Askofu. Kwa sababu ya maneno hayo mimi leo nakula ndagala, yaani dagaa za ziwa letu, mbichi upande mmoja na zilizoungua upande wa pili. Malalamiko yangu nayaweka kwa namba, ili usipotee.

1. Maneno hayo hayakuchakaa. Wazee wetu hawakuwa na mazoea ya kulitembeza jina la mke barabarani kama la mbwa aliyepotea. Mtu akikukuta njiani anauliza, "Nyumba iko muzima?" Unajibu, "Nyumba iko muzima." Kila mmoja ameelewa kwamba mke hajambo, na hakuna aliyemgusa kwa ulimi. Ukioa, wanasema umepata jiko. Ukizaa, mke anakuwa mama wa fulani, na jina lake la zamani linakwenda kupumzika. Wazee wa kanzu wa hapa Baraka walikuwa pia na maneno yao, "bibi" na "mwana," na mabibi hao walipita wamejifunika nguo mpaka kichwani, heshima ikipita pamoja nao.

Tazama uzuri wa maneno haya, Mwandishi. Yanampa mwanamke heshima kubwa, na hayamdai mwanaume kitu. Ukimwita mtu "Madame" lazima umtafutie kiti. Ukimwita "nyumba" unaweza kukaa wewe. Na kama Mamere anadhani huu ni ushenzi wetu, akumbuke litania. Sisi sote, yeye akiwa benchi la mbele, tunamwita Mama wa Mungu Nyumba ya Dhahabu, na haijasikika kwamba alikasirika akaenda kwa kaka yake.

2. Gazeti lako lilisomwa nyumbani kwangu, na si mimi niliyelisoma. Mke wangu alilitoa kwenye kapu la nguo za kushona, akalisoma kwa sauti, kidole kikipita chini ya kila neno, mimi nikiwa nasubiri chakula. Alipomaliza alilikunja vizuri, akaniuliza, "Baba Raphaël, mi niko nyumba ao niko muntu?" Nikamjibu kwa upole kwamba yeye ni nyumba, na kwamba hakuna neno kubwa kuliko hilo. Nilidhani nimemsifu. Akasema, "Basi ni muzuri."

Kesho yake alikaa mlangoni. Nikamkumbusha habari ya maji. Akasema, "Nyumba haitekake mayi." Nikamkumbusha mihogo. Akasema, "Nyumba haitwangake." Nikaona labda nimetumia neno zito mno, nikalegeza, nikamwita kwa lile lingine tamu, nikasema, "Jiko langu, chakula kiko wapi?" Akaninyooshea kidole kwenye yale mafiga matatu. "Jiko ile pale. Umuulize yeye."

Hivyo ndivyo gazeti linavyoharibu lugha. Neno la heshima halikutungwa ili mtu alishike kwa mikono miwili na kulitumia. Lilitungwa ili asikie vizuri huku akiendelea na kazi.

3. Baada ya hapo aliondoka. Alimfunga Raphaël mgongoni, akachukua sindano zake na lile gazeti lako, akashika njia ya Lweba, kijiji cha wavuvi, kwa kaka yake Bonaventure. Sikumpiga, sikumtukana, majirani ni mashahidi. Alipofika barabarani aligeuka na kusema, watu wakisikia, "Siku utaniita jina yangu mbele ya bantu, ile siku nitarudia kwako." Kisha akaenda.

Mwandishi, nitasema wazi, maana barua ya malalamiko bila ukweli ni makelele tu. Ninaumia. Jioni nikitoka kwenye pamba nakuta majivu baridi, na ile sauti ndogo ya Raphaël haipo. Nimejaribu kusonga bugali na umenishinda, umekaa kama udongo wa mfinyanzi. Lakini hata hivyo ningeuza heshima yangu kwa bugali? Niende Lweba, nisimame uani kwa shemeji, nipayuke jina la mke wangu mbele ya wavuvi? Hilo halitafanyika.

4. Nilifanya kama raia mwema. Niliandika kwa ofisi ya sekta, kwa Kiswahili safi, kwamba nyumba yangu imehamia Lweba bila ruhusa yangu, na kwamba naomba ofisi iirudishe. Niliandika "nyumba" kwa sababu barua ilikuwa inakwenda kwa wakubwa, na mbele ya wakubwa mtu hataji mke wake ovyo.

Unajua kwamba kuhamisha nyumba bila karatasi ya ofisi ni kosa, na kwamba kila nyumba lazima ipangwe kando ya barabara. Asubuhi moja walikuja karani na polisi, wamebeba kamba ya kupimia. Wakakuta nyumba yangu imesimama pale pale. Karani aliizunguka, akaigonga ukuta, akaniuliza ni nyumba gani basi iliyohama. Nikamwambia, ni ile nyingine. Akauliza kama nina nyumba mbili. Nikasema hapana, nina moja tu, na ndiyo iliyohama. Polisi alinitazama kama mtu mwenye homa, kisha wote wawili wakaenda Lweba.

Huko walimkuta shemeji yangu Bonaventure akitengeneza nyavu, wakamwamuru aonyeshe nyumba ya Isidore. Mtu huyo hajawahi kunipenda, lakini alielewa haraka. Alinyoosha mkono, akasema, "Nyumba yenye munatafuta ndiyo ile inatwanga majani ya sombe." Karani, ambaye hakuwa mtu wa huku, aliona mwanamke, akaona nyuma yake kibanda kibovu cha kukaushia samaki, akaandika kibanda. Akauliza, "Iko na milango ngapi?" Bonaventure, anayejua kwamba kinywa cha dada yake hakinyamazi, akajibu, "Iko na mulango moya tu, na hata hiyo haifungamake." Inasemekana mke wangu alicheka mpaka akaangusha mchi. Mimi nililetewa amri ya ofisi ya kwamba nyumba yangu ya Lweba isogezwe barabarani, ipakwe chokaa nje na ndani, na ichimbiwe choo. Nisipofanya hivyo itabomolewa.

Sasa mimi nikamchimbie choo mke wangu? Nimpake chokaa? Lakini ningewaeleza nini? Kama ningeandika tangu mwanzo "mke wangu amenikimbia," ofisi nzima ingejua kwamba mke wangu amenikimbia.

5. Aibu imesambaa. Wakulima wakileta pamba wananiuliza kama nyumba yangu inavuja, kama nimepata fundi, kama upepo ndio ulioichukua. Mbaya zaidi ni wanawake. Jirani yangu Constance, mwanamke mtulivu, ameacha kuitika akiitwa jiko. Mume wake alimwita mchana kutwa, naye akawa anapalilia mbele ya macho yake. Huko kwa Mamere nasikia kila asubuhi kabla ya kushika sindano wanasimama mmoja mmoja na kutaja majina yao, kwa sauti, bila haya, kisha wengine wanapiga makofi. Makofi ya nini? Wamefanya nini? Wameitwa tu.

Gisaro, mfugaji anayeteremsha maziwa kutoka milimani, aliniambia kwamba kwao ni mwanamke ndiye asiyetaja majina ya wakwe zake. Kama mkwe anaitwa kwa jina la kitu fulani, hata kitu hicho mwanamke anakitafutia neno jingine. Nikaona kumbe kuna watu wametushinda ustaarabu. Nilimwomba awaeleze wanawake wetu, lakini alipowafikia alijikuta anaulizwa mke wake anaitwa nani, akasahau vibuyu vyake akaondoka.

6. Kwa hiyo naliomba gazeti lako, kwa unyenyekevu, litangaze haya: kwamba jina la mwanamke likishatumika kwenye ubatizo, lifungwe na kuwekwa mahali pakavu, lisitumike tena mpaka siku ya kuandikwa msalabani juu ya kaburi. Kwamba Mamere awafundishe wamama bila majina, awaite kwa rangi za vitambaa vyao. Kwamba ule wimbo wa shule unaotaja wanawake wa Biblia urekebishwe, maana sioni sababu ya watoto kumtaja Sara, mke wa mtu, wakati wangeweza kuimba "nyumba ya Ibrahimu." Na katika Salamu Maria, kama Askofu atakubali, tungesema "Salamu, Nyumba ya Yosefu." Padri akiona taabu kubadili, aanze kidogo kidogo, kwanza katika misa za siku za kazi.

Tukifanya hivyo, Mwandishi, wanawake watapata heshima kamili, ile isiyochafuliwa na mtu yeyote kujua wao ni nani.

Namaliza kwa kukusalimu wewe na mashine yako ya kuchapa. Nisalimie Padri, nisalimie Norbert katekista, nisalimie na Mamere Godelieve, ambaye simchukii, mwambie tu apunguze kusomesha. Nyumba yako wewe, kama unayo, iendelee kusimama mahali ulipoiacha.

Ni mimi, mwenye haki na njaa,

Isidore Wilondja, kapita wa pamba, Baraka

Nyongeza: Mistari hii usiichape, ni yako peke yako. Barua nilikuwa nimeshaifunga na kuitia mfukoni niilete misioni, lakini miguu ilikata kona ikanipeleka Lweba. Nimeshindwa, Mwandishi. Kitanda ni kikubwa mno. Nilisimama uani kwa Bonaventure, wavuvi wamejaa, nikafungua kinywa nimwite mke wangu kwa jina lake, na jina halikuja. Si kwamba lilikataa kutoka. Halikuwamo.

Usinihukumu upesi. Siku ya mahari walilitaja lile la utotoni, lakini masikio yangu yalikuwa kwa mbuzi. Siku alipobatizwa, akajichagulia jina yeye mwenyewe, mimi nilikuwa Ubwari kwa mambo ya pamba, na niliporudi nilimkuta ni nyumba kama nilivyomwacha. Kwenye buku yangu ya ofisi, ile ya kitambulisho, karani aliandika "bibi: mumoja." Basi nikajaribu. Nikaita Marthe. Nikaita Georgette, wavuvi wakaanza kutazamana. Nikaita Constance, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu Constance ni jirani. Sauti ya mke wangu ikatoka ndani, taratibu, bila hasira, na hapo ndipo niliposhikwa na aibu ya kweli: "Bale bote habako huku. Angalia fasi ingine." Mlango ukafungwa.

Majirani siwezi kuwauliza. Norbert katekista analijua, lakini ni ndugu wa mama wa mke wangu, na anasema nimuulize mwenyewe. Wewe uko misioni moja na Mamere. Muulize jinsi unavyojua, kama mtu anayeuliza habari nyingine, yule mwanamke wa Isidore aliyehamia Lweba anaposimama darasani anasema anaitwa nani. Uniandikie kwenye kipande cha karatasi. Barua yote ya juu unaweza kuwashia taa. Na chini ya jina unieleze linavyotamkwa, maana nitalisema mbele ya watu, na ninaogopa kukosea tena.