Tunamtaka Kapteni Barasa

Zablon Makokha,
Nyumba ya karibu na tangi la maji,
Ziwani, Nairobi.

Kwa Bwana Mumin Bile,
Mwenye Ukumbi, Mwenye Skrini na Mwenye Ufunguo wa Mlango.

Ndugu Mumin,

KUH: MIRIHI MPYA NA MADHARA YAKE KWA WAZEE NA TAIFA

Pokea salamu zangu, ingawa asubuhi tumesalimiana na ukaniuliza mbona nimebeba kalamu. Sasa umejua.

Kabla sijalalamika, ujue anayekuandikia ni nani. Mimi ndiye mtu wa kwanza katika Ziwani yote kuitazama Mirihi, ile ya kale, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupepesa jicho. Nasema hivi ili uone kwamba hushughuliki na mtu wa kuokotwa barabarani. Basi, kusema kweli, wa kwanza alikuwa Wabwire, maana ndiye aliyekuwa akiitangaza. Na hilo la kutopepesa jicho nimetia chumvi. Sehemu za katikati nililala, na nyingine nilizisikiliza nikiwa nje, kupitia mabati. Lakini kusikiliza nako ni kutazama, na mtu asinibishie.

Kwa faida ya yeyote mwingine atakayeisoma barua hii, maana nakala moja nitaibandika mlangoni pa ukumbi, nieleze kidogo. Mirihi ni tamthilia ya watu wanaoishi angani ndani ya chombo kikubwa, wakitafuta sayari ya kujenga. Ni ya Kizungu. Ndiyo maana kando ya skrini yako huketi Wabwire dijei na kipaza sauti chake, akapunguza sauti ya Wazungu na kutuambia kwa Kiswahili nani anasema nini na nani yuko karibu kufa. Hiyo ndiyo Mirihi tuliyokulia, au tuseme tuliyozeekea. Sasa imetoka Mirihi nyingine, ya miaka hii, chombo kile kile, watu wengine. Na wewe, Ijumaa iliyopita, ukabandika tangazo kwamba kuanzia mwezi ujao jioni zote ni za Mirihi mpya, sauti yake ya asili, maandishi chini ya skrini, na dijei hatahitajika.

Hatahitajika. Mumin, hata mbuzi wa sikukuu hushikwa kichwa kwa upole kuliko hivyo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kapteni. Barasa, kapteni wetu wa kale, alikuwa na kifua. Adui akitokea, Barasa alikuwa ameshatupa ngumi kabla hajauliza jina. Huo ndio uongozi. Kapteni mpya ni mama, na hapo mimi sina neno, nimeongozwa na mama watoto wangu miaka yote na bado niko hai. Neno langu ni kwamba anaita mikutano. Chombo kinawaka moto, yeye anaita mkutano. Anazunguka akimuuliza kila mtu anajisikiaje. Nikitaka kuona watu wakikaa duara wakiulizana wanavyojisikia na jambo lisiamuliwe, nitaenda mkutano wa ploti yetu, ambao ni bure na mara nyingine huwa na soda.

2. Maadui. Barasa alipigana na Malandilodi, wale mijusi wa kijani wanaotokea mwisho wa mwezi kudai chombo ni chao. Hakuna mtu mle ukumbini aliyehitaji kufafanuliwa. Walikuwa wa mpira, sikatai, na mmoja tulimwona zipu mgongoni, lakini walikuwa wabaya tangu asubuhi hadi jioni na hawakutubadilikia hata siku moja. Mjusi wa sasa ana mama mgonjwa. Ana mambo yaliyompata utotoni. Tunaombwa tumwelewe. Mimi nina jirani anayefanyia mazoezi ngoma ya kwaya kwenye ukuta wa kitanda changu, na yeye sijamwelewa mpaka leo. Nguvu za kumwelewa mjusi nizitoe wapi?

3. Chombo chenyewe. Cha kale kilikuwa kinatetemeka. Taa zikizima, Barasa anakipiga teke, zinawaka. Hivyo ndivyo kila kitu hutengenezwa kuanzia hapa mpaka Gikomba, na mimi nimekuwa fundi wa vitanda Gikomba, sisimuliwi. Chombo kipya kinajitengeneza chenyewe huku wenyewe wamekaa. Vijana watajifunza nini hapo?

Malalamiko ya nne nimeyasahau. Yalikuwa mazito sana. Yakinirudia nitakuletea kwa mkono.

5. Maandishi. Mimi shule niliiacha darasa la nne, au iliniacha, tulielewana. Kusoma najua, lakini kusoma kwangu ni kwa heshima, neno moja, kisha tunapumzika, kisha jingine. Hayo maandishi yako ni ya Kizungu na tena yanakimbia kama wachuuzi waliopigiwa mluzi. Juzi ulipowaonjesha vijana sehemu moja, nami nilikuwepo. Nilisoma mianzo ya sentensi zote na mwisho sikuufikia hata mmoja. Nilichotoka nacho ni kwamba kuna mtu haruhusiwi kufungua kitu, na kuna mwingine baba yake alifanya jambo. Kitu gani, jambo gani, mpaka leo nawaza.

6. Kimya. Landilodi akimnyemelea Barasa, ukumbi mzima ulikuwa unamwambia, "Barasa, nyuma yako." Na Barasa aligeuka. Sikumbuki siku alikosa kugeuka. Lakini juzi nilipojaribu kumwonya mama kapteni, binti yako Sabrin aliniwekea kidole mdomoni mwake mwenyewe, akasema, "Buda, tulia, tunasikiza." Kwa hiyo mama akapigwa. Nani wa kulaumiwa, mimi niliyetaka kumwonya au binti yako?

Na kwa kuwa nimemtaja Sabrin, nifike kule tunakobishania, yaani kwa Kyalo kinyozi. Kila jioni Sabrin na kundi la Mirihi mpya wanakaa upande wa kivuli, sisi wa kale upande wa jua, maana hata kivuli wamechukua. Sabrin ana adabu, sikatai, umemlea, anaanza na "shikamoo mzee wangu" halafu ndiyo anakuchinja. Amesema Mirihi yetu ni mbao na gundi. Nikamwambia kitanda alicholelewa pia ni mbao na gundi, nimekitengeneza mimi, na hajawahi kuanguka. Akasema chombo chetu kinaning'inia kwa uzi na uzi unaonekana. Nikamwambia sisi tulikuwa waungwana, hatukuwa tunauangalia.

Hapo ndipo akatugusa pabaya. Unajua pale Malandilodi wanapomzunguka Barasa na kumwambia atoke chomboni, naye anawatazama mmoja mmoja na kusema, "Mimi siondoki. Chai iko jikoni." Pale ambapo watu wazima wanasimama na kupiga mabati. Sabrin akasema amepekua Mirihi yote ya kale kwenye simu yake na hakuna mahali kapteni anasema hivyo. Hakuna. Nikamwambia kwa upole kwamba ameuziwa nakala bandia. Kyalo alicheka hadi mashine ikamponyoka, na mteja akaondoka na mstari kichwani ambao hakuuagiza.

7. Wabwire. Hapa sitanii, kwa hiyo nitaandika kifupi. Tangu Ijumaa ya tangazo lako, Wabwire hasemi na watu. Mkewe Triza alikuja kwangu, akaniambia mumewe anatangaza nyumbani. Anaketi kwenye stuli mlangoni pa jikoni na kuanza, "Sasa Triza ameshika mwiko. Sufuria haijui kinachokuja. Ugali unatafuta njia ya kutorokea, lakini njia hakuna." Siku ya kwanza Triza alicheka mpaka akaketi. Jana aliniambia hacheki tena, kwa sababu sasa Wabwire anatangaza akiwa ameelekea ukutani, na hakuna kitu ukutani. Huyo ndiye aliyetuonyesha angani kuna nini, Mumin, sisi ambao mbali kabisa tulikofika ni Kisumu. Nawe ukamwandikia neno moja.

Kwa hayo yote, napendekeza kwa heshima kama ifuatavyo. Mirihi mpya isimamishwe. Ikishindikana, kila anayetaka kuitazama alete barua ya mzee wa mtaa kuthibitisha ana akili timamu. Hilo nalo likishindikana, mtaa ugawanywe, upande wa tangi la maji uwe wa Mirihi ya kale na upande wa lami uwe wa Mirihi mpya, na ndoa za kuvuka zitozwe mahari maradufu. Kyalo, ambaye anachumbia kwetu na moyo wake uko kwenu, apewe muda wa kutubu, na siku ya kutubu ataje mbele ya watu jina la roboti wa kale. Kwa wasiojua, anaitwa Shemeji, kwa sababu huingia bila hodi na hula umeme wa wenyewe. Watakaoshupaa tuwaombee Ijumaa msikitini na Jumapili kanisani, ili wasipate pa kujificha. Na wakizidi, nitawaandikia Umoja wa Mataifa, ambao wana ofisi hapa hapa mjini, watutumie walinda amani wakae kati ya ukumbi na kwa kinyozi. Walale kwako. Una nafasi.

Nisalimie mama Sabrin, ambaye sambusa zake hazina upande katika mgogoro huu. Nisalimie na Sabrin, lakini nusu, nusu nyingine atapewa akijirekebisha. Wasalimie wa benchi la mbele, wa benchi la nyuma wanaokula njugu na kuacha maganda, na wote wanaojifanya hawanijui wakiiona kofia yangu ikija. Mungu akujalie afya, stima isikatike, na akufungue macho mapema kabla mwezi haujaisha.

Ni mimi, wako mtiifu siku ninapokubaliana nawe,

Zablon Makokha,
Fundi Mstaafu na Mtetezi wa Mambo ya Angani.

Tanbihi. Barua hii niliimaliza Alhamisi ikakosa bahasha, ndiyo maana kuna haya mengine.

Jumamosi nilienda Dandora kwa mjukuu wangu Nerima, ambaye ana kompyuta. Nilimwomba anitafutie Mirihi ya kale kama ilivyotengenezwa, bila dijei, nipate ushahidi wa lile neno la chai nije nimfunge Sabrin mdomo mbele ya kinyozi. Tukatazama, yeye akinifasiria. Mumin, hakuna chai. Kapteni haitwi Barasa. Malandilodi si malandilodi, ni mijusi tu, hawadai kodi wala nini, wanatafuta chuma fulani. Yule roboti si shemeji wa mtu. Na kapteni hana kifua nilichokijua, ana maneno, alizungumza juu ya mafuta ya chombo mpaka usingizi ukanipitia. Nilipoamka alikuwa bado kwenye mafuta. Nikamuuliza Nerima kama naye ameuziwa nakala bandia. Akasema, "Kuka," ndivyo anavyoniita mimi babu yake, "ni hii hii, hakuna nyingine."

Halafu, kwa kuwa mvua ilikuwa imenifungia ndani, nikamwambia aweke ile mpya, nione tu ubaya wake kwa karibu. Tukaitazama sehemu baada ya sehemu. Yule mjusi alipofika nyumbani akakuta mama yake ameshazikwa, machozi yalinitoka. Nerima akadhani ni moshi wa lile jalala la Dandora, nikamwacha adhani. Hata ile mikutano, ukiizoea, unaanza kungoja zamu ya nani kusema. Kisha kufika mwisho mwisho, kapteni yuko nje ya chombo, mlango umefungwa, na aliyeshika kitasa kwa ndani ni yule mjusi. Hapo bando la Nerima likaisha.

Kwa hiyo hayo yote ya juu yachukue kama mazoezi ya kalamu. Onyesha Mirihi mpya. Ni nzuri, na ukimwambia Sabrin nimesema hivyo nitakana mbele ya kadhi na mbele ya padri. Ile ya kale nimeitetea bure, kwa sababu haipo. Ile chai aliipika Wabwire.

Sasa nina ombi. Unakumbuka siku upepo ulipong'oa bati juu ya skrini yako, nikavua koti langu la kanisani nikaifunika, na kuishikilia hapo, mvua mgongoni, mpaka ukapata ngazi? Ulisema, "Mzee Makokha, siku yoyote ukiwa na jambo, niambie." Koti silidai, lilikuwa limezeeka kama mimi. Jambo langu ni hili. Siku ya kwanza ya Mirihi mpya, chukua leso moja ya mama Sabrin, zile za kujifunga kiunoni, uitundike chini ya skrini pale maandishi yanapopita, na kipaza sauti umpe Wabwire. Hajaiona, na Kizungu chake ni kama changu, lakini hilo halijawahi kumzuia. Mimi nataka tu kujua kama mjusi atamfungulia yule mama mlango, na nataka kuambiwa na Wabwire.