Kifungua Kinywa cha Bi Evanthia

Alhamisi, 20 Februari
Mji wetu mzima wa Trikala unanuka moshi. Leo ni Alhamisi ya kuchoma nyama kabla ya mfungo wa Kwaresima, hata paka wa mtaani wameshiba. Nimekula soseji hadi mkanda ukakataa kufunga. Bi Evanthia, mjane wa ghorofa ya pili, hakugusa kitu. Daktari kamkataza mafuta. Akatangaza mbele ya watu kwamba kwenye dansi la kanivali, Jumapili ya wiki ijayo, atakwenda na mwanamume anayejua kutunza mwili. Kisha akalitazama tumbo langu.

Zisis, mfamasia mstaafu, akadakia. Yeye eti kila usiku huloweka mbegu za chia kwenye maziwa, asubuhi anatia matunda, anakula. Evanthia akasema, "Hee, kumbe ndiyo maana huzeeki!" Huzeeki! Magoti yake yanalia kama mlango wa ghala. Nampenda huyu mama. Siwezi kumwachia Zisis.

Ijumaa, 21 Februari
Nimenunua chia. Pakiti ilisema vijiko viwili. Viwili kwa nini? Mapenzi yangu ni makubwa, nikamwaga pakiti nzima kwenye maziwa. Jioni mbegu zilikuwa zimevimba na kugandamana; nilichomeka kijiko, kikasimama wima. Nikakivuta, bakuli likaja nacho. Nimelala na njaa.

Jumamosi, 22 Februari
Jumamosi ya Marehemu. Akina mama wamegawa mlangoni mwa kanisa vifuko vya ngano ya kuchemsha, yenye zabibu kavu, lozi na komamanga, ili tuwaombee watu wao. Nikapokea, nikasema Mungu awarehemu, nikazunguka nikapanga foleni tena. Na tena. Mifuko ya koti ikajaa.

Nyumbani nikavitazama. Nafaka! Matunda! Na vimeshapikwa! Nikachanganya na mtindi, tufaha, na chia kidogo niliyoikwangua kwenye lile tofali la jana. Nikaweka kwenye friji ilale humo. Nimeonja. Tamu ajabu. Marehemu wa mtaa huu wanapendwa.

Jumapili, 23 Februari
Nimempelekea Evanthia bakuli, nimelifunga utepe. Nikamwambia ni ubunifu wangu, nala hivyo kila asubuhi. Akaonja kijiko kimoja, akafumba macho. Akaniambia nije kesho, tunywe kahawa. Kahawa! Kwenye ngazi nikakutana na Zisis, nikamsalimia kwa huruma.

Jumatatu, 24 Februari
Nilivaa tai. Bora ningevaa kofia ya chuma.

Bakuli lilikuwa mezani, limeliwa nusu. Evanthia akaniuliza kwa upole ile ladha ya ganda la chungwa na anisi nimeipata wapi. Nikajibu kwamba ni siri yangu ya miaka mingi. Akanionyesha picha ya marehemu mumewe ukutani. Akasema mji mzima ni yeye tu anayetia vitu hivyo kwenye ngano, kwa kuwa Kosmas alivipenda, na kwamba Ijumaa aliipika huku analia.

"We Argiris, umeniletea mume wangu ndani ya mtindi? Huna haya! Alikulisha mezani kwake miaka yote, na hata kaburini humwachi apumzike!"

Niliona haya, kweli niliona haya. Kosmas alikuwa rafiki yangu. Evanthia akapiga ishara ya msalaba, akakaa, akala ngano yote hadi chini, kwa sababu ngano ya marehemu haitupwi. Kisha akanifungulia mlango nitoke.

Jumanne, 25 Februari
Habari imefika kila mahali. Muuza mikate ameniuliza leo nimemla nani. Evanthia atacheza na Zisis, amemwambia kila mtu.

Nimekaa kutwa nzima nikijichunguza nilipokosea, bila kujionea huruma hata kidogo. Na nimepaona. Nilichukua ngano ya kanisa letu. Jumamosi hii nayo ni ya marehemu, na dansi ni Jumapili, muda bado upo. Nitapanda basi la alfajiri hadi kanisa la Karditsa, mji wa jirani. Kule Evanthia hajazika mtu.