Mgombea wa Msafara wa Likia

Jumapili, 1 Machi
Bahati imenijia, na mara hii siiachii! Kanisa letu la Barking, hapa London, litakwenda Uturuki mwezi wa tisa. Ni pwani ya kusini, nchi iliyoitwa Likia hapo kale, ambako Mtume Paulo alibadilishiwa meli katika mji wa Mira. Mchungaji Josée ametangaza kwamba kiongozi wa msafara atapigiwa kura Jumapili ijayo, na kila mgombea atazungumza dakika kumi kuhusu historia na jiografia ya huko. Wagombea ni wawili: mimi, na Haika, nesi kutoka Moshi, ambaye husoma vitabu hata ndani ya basi. Nimemwonea huruma.

Nimeshaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya ukweni, Nyeri, kwamba kiongozi ni mimi. Shiro, mke wangu, kaniuliza kwa nini sikungoja kura. Kungoja! Mama yake huu ni mwaka wa kumi na moja ananiita "yule wa Shiro". Jina langu hajawahi kulitamka. Inaniuma, sitadanganya.

Jumatatu, 2 Machi
Kazini Hayes, supavaiza wetu Gurmit kaniuliza kama namfahamu rafiki wa mjomba wake, anaishi Kisumu. Nilicheka mpaka nikaweka boksi chini. Yaani Kenya ni boma moja? Watu wengine hawajui dunia ilivyo kubwa.

Niliposhuka treni Walthamstow, wazo likanijia. Vitabu vya nini? Pale sokoni kuna kinyozi Mturuki, Orhan. Nani atajua Uturuki kumshinda Mturuki? Nikaketi, nikamwambia apunguze kidogo, nikamwuliza habari za Likia. Alifikiri, akasema ni nchi tambarare, jicho halikutani na kitu. Kisha mkasi ukanyamaza, naye akanyamaza. Nimeandika: tambarare.

Jumatano, 4 Machi
Tatizo la Orhan ni moja: hazungumzi bila kunyoa. Leo nimetoa ndevu. Kwa ndevu hizo nimepata bandari ya Patara, kubwa sana, meli zinaingia kila asubuhi. Nilipouliza kuhusu Mira, akawasha moto pamba iliyofungwa kwenye kijiti na kunipiga nayo masikioni. Eti anaondoa vinyweleo. Niliruka! Mira, akasema, ni mji mzuri, una mabwawa ya kuogelea kila upande. Sikumbuki kusikia habari za mabwawa kanisani. Lakini Paulo alipita pale akiwa mfungwa, angeyaonea wapi?

Ijumaa, 6 Machi
Nina dakika saba. Zimebaki tatu, na nywele zenyewe si nyingi. Nimemwambia Orhan azitoe zote, na juu ya hayo anitie nta ya kung'oa vinyweleo vya pua. Machozi yalinitoka mbele za watu. Nimepata wafalme wawili na vita vya siku nne.

Shiro alipofungua mlango alidhani ni mtu wa kusoma mita. Alipomaliza kucheka akanishauri nimwulize Orhan kwao ni sehemu gani hasa. Nimekataa. Mtu mzima haulizwi swali la dharau namna hiyo.

Jumapili, 8 Machi
Aibu, jamani!

Nilianza mimi. Nikatoa tambarare, bandari, mabwawa, wafalme na vita. Watu wakaitikia amina. Kisha Haika akasimama na kijikaratasi. Akasema Likia ni milima mitupu, imeshuka mpaka baharini, na wenyeji walichonga makaburi kwenye majabali. Bandari ya Patara ilizibwa na mchanga karne nyingi zilizopita. Miji ishirini na mitatu iliunda muungano: mkubwa kura tatu, wa kati mbili, mdogo moja. Tena mwanahistoria mmoja wa Kigiriki aliandika kwamba Walikia walijitambulisha kwa majina ya mama zao, si ya baba. Akina mama wakapiga vigelegele. Hapo nikajua nimekwisha.

Haika kura thelathini na nane. Mimi mbili. Moja ni yangu, na Shiro anaapa ya pili si yake.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Orhan. Akaniambia kwa upole kwamba kwao ni Trabzon, kaskazini, kwenye bahari nyingine kabisa. Aliletwa London akiwa na miaka minne, na kusini hajakanyaga. Nikamwuliza sasa alijibu kwa nini. Akasema nilionekana mtu mwenye hamu kubwa ya kujibiwa. Akauliza kama mimi nimewahi kufika Lamu. Sijafika. Ni kweli juzi nilimweleza jirani yangu Mwingereza Lamu nzima, kichochoro kwa kichochoro. Lakini hiyo ni tofauti.

Jumanne, 10 Machi
Shiro ametuma picha ya kipara changu ukweni, na habari yote chini yake. Nilizima simu. Nilipoiwasha, nikakuta mama mkwe ametuma ujumbe wa sauti. Anasema Jotham aache kuwadanganya watu wa Mungu, na Jotham avae kofia, baridi ya huko isije ikamwua.

Nimeusikiliza mara sita. Shiro anafikiri nimeumia, akaja kunishika bega. Hajaelewa. Amesema Jotham! Mara mbili! Nimelia kidogo, na sioni haya kuandika. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa mzuri tangu mwanzo.

Mchungaji ametuma tangazo: safari ya mwakani ni kisiwa cha Krete, na kiongozi atachaguliwa kwa utaratibu uleule. Haika ameshaazima kitabu. Mwache ahangaike. Duka la chipsi karibu na stesheni mwenyewe ni Mgiriki, hata bendera ametundika. Leo nimeagiza samaki wawili nikamwuliza kuhusu milima ya Krete. Akageuza samaki, akafikiri, akanihakikishia hakuna hata mmoja.

Nimeandika: tambarare.