Mambo Tisa Yanayozeesha Wanawake wa Mtaa Wetu

Jumatatu, 23 Februari

Wiki mbili tangu nimalize shule. Chuo hakikunitaka. Baba amesema subira yake inaisha Machi mosi. Nisipokuwa na kazi siku hiyo, nakwenda kwa mjomba, kule Haenam, kupakia kimchi, kabichi ya kuchachusha, kwenye ndoo. Chumvi, pilipili, baridi, mikono majini kutwa nzima. Nimemwona mke wa mjomba. Ana miaka arobaini na mbili. Mikono yake ina sabini.

Asubuhi nikaenda kwenye duka la vipodozi la Bi. Gu, karibu na stesheni. Anataka muuzaji mmoja. Tukafika wawili, mimi na Pyo Darae wa darasani kwetu. Darae! Msichana anayenawa uso kwa sabuni ya kuogea. Anayekula keki za mchele zenye pilipili akiwa amesimama juani, bila kofia, na kucheka mpaka magego yanaonekana. Kila kicheko ni mkunjo mmoja. Akifika thelathini atakuwa kama zabibu kavu.

Bi. Gu ametuonyesha mashine yake mpya. Unaweka kidevu, inakupiga picha, inataja umri wa ngozi yako. Jumamosi ataizindua, kupima ni bure. Kazi atampa atakayeleta wanawake wengi zaidi. Darae akauliza kama bibi yake anahesabika. Bi. Gu akacheka, akasema hata bibi wa bibi yake. Mimi nilikuwa na maswali manne ya maana kuhusu taa za mashine ile. Sikuuliza hata moja. Mbele ya watu ulimi wangu huwa unalala.

Haidhuru. Ninao mwandiko.

Jumanne, 24 Februari

Nimeamka saa tisa alfajiri ili tabaka zangu kumi na mbili za krimu zipate muda wa kukauka. Nimenawa kwa maji ya mchele, kwa siki, kwa limau, kisha nikasugua pumba kidogo. Mara tano kwa siku. Uso unawaka moto. Ina maana inafanya kazi.

Swali lilikuwa: wanawake wasiojipaka kitu usoni wanapatikana wapi kwa wingi? Jibu lilikuwa nyumbani. Mama ni msuguaji katika hamamu ya mtaa. Wateja wanalowa kwenye maji ya moto, wanalala juu ya meza yake, naye anawatoa nongo kwa glovu ya kijani tangu shingoni hadi visigino. Meza ya pili ni ya Shangazi Noh. Si shangazi yangu wa damu. Amefanya kazi na Mama miaka kumi na moja.

Nikakaa kwa saa tatu pembeni ya dimbwi la maji ya moto, daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Maajabu niliyoyaona! Mama muuza tofu anakaa kwenye chumba cha mvuke mpaka awe mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Wakala wa bima analala shavu moja juu ya mto wa gogo, na shavu hilo limeshahama. Bibi wa kabati 31 anasoma gazeti bila miwani, amekunja uso kama anayenyonya ndimu. Shangazi Noh anakunywa kahawa ya barafu kwa kikombe cha ujazo wa ndoo, anailaumu baridi kwa kukosa usingizi, kisha anaagiza kingine.

Nimeandika orodha. Mambo tisa, wanawake kumi na tano. Sikutaja jina la mtu, nimetaja namba za makabati tu, kwa heshima. Namba saba nimeiandika kwa herufi kubwa: KUTOLEWA NONGO KILA WIKI. Nimeeleza kwamba zile nyuzi nyeusi zinazoviringika si uchafu, ni ngozi yenyewe inaaga. Chini kabisa: Jumamosi, kwa Bi. Gu, kajipimeni bure. Semeni Yeseul ndiye aliyewatuma.

Nimeibandika kwenye kioo cha chumba cha kuvulia nguo. Mwenye hamamu, Mzee Bang, hawezi kuiondoa. Kwa upande wa wanawake haruhusiwi kupita kaunta. Nilikuwa nimelifikiria hilo.

Jumatano, 25 Februari

Jumatano ndiyo siku nono ya Mama. Kwenye hamamu hakuna foleni. Anayetaka kusuguliwa anatundika ufunguo wa kabati lake kwenye msumari wa msuguaji wake, anarudi majini kusubiri kuitwa kwa namba. Jumatano msumari wa Mama hubeba funguo kumi na mbili mpaka unapinda.

Leo ulibeba mbili.

Mama alirudi saa tisa mchana. Sijawahi kumwona nyumbani saa hizo isipokuwa siku ya msiba. Alimimina maji kwenye wali wa jana, akala amesimama. Akasema wateja walimsomea orodha kwa sauti, wakipokezana. Mama muuza tofu alijua mara moja kwamba yeye ni namba tatu.

"Umeandika vizuri," Mama akasema. "Herufi zimenyooka. Na hiyo namba saba ndiyo iliyokulipia masomo ya ziada toka darasa la tano."

Nilitaka kumweleza kwamba ni kwa faida ya wote, hata yake, maana mvuke miaka kumi na moja si mchezo. Maneno hayakutoka. Nikainamisha kichwa. Nikakumbuka kwamba kuinamisha kichwa kunatia pete shingoni, nikakiinua. Mama akadhani namtolea jeuri.

Baba alikuwa barazani anavuta sigara, amefumba jicho moja kukwepa moshi. Jicho hilo lina miaka kumi zaidi ya lenzake. Akaniuliza kama nina soksi nene. Haenam kuna upepo.

Alhamisi, 26 Februari

Nimepata dawa. Naona aibu kwamba sikuiwaza jana.

Kuiondoa orodha kungenipotezea Jumamosi. Nikakata karatasi, nikaibandika juu ya namba saba. Sasa inasomeka: KUSUGULIWA NA ASIYEJUA KAZI. Haimgusi mtu. Na Mama anajua kazi, hilo hata adui hakatai.

Nilisahau kwamba wasuguaji ni wawili tu.

Kufikia adhuhuri, Mama alikuwa na funguo kumi na tisa. Shangazi Noh hakuwa na hata mmoja. Alikaa juu ya meza yake mwenyewe, miguu inaning'inia, kahawa mkononi. Nilikuwa nyuma ya mlango wa mvuke. Akamwambia Mama, bila kupandisha sauti:

"Dada, miaka kumi na moja tunachemsha tambi sufuria moja. Kumbe mwenzio sijui kazi? Si ungeniambia, nikawa napika tu."

Mama aliusogelea msumari wake. Alichukua funguo tisa, akaenda kuzitundika kwenye msumari wa Shangazi Noh. Wenye funguo wakatoka majini mmoja mmoja, wanachuruzika, wakazirudisha kwa Mama. Wanawake wazima, wanaogopa kikaratasi! Nakiri kwamba nilijivunia kidogo.

Jioni Mama hakuweza kuinua mikono. Nikambandika plasta za maumivu mabegani, tano. Ngozi haipumui chini ya plasta. Sikusema. Kuna wakati wa kunyamaza, nami nina kipaji. Yeye ndiye aliyesema: kesho orodha itoke kiooni kabisa, na nikamwombe Shangazi Noh radhi. Kwa mdomo.

Ijumaa, 27 Februari

Orodha nimeitoa. Wote walikuwa wameshaisoma, kwa hiyo hasara ni ndogo.

Kwa mdomo! Nimefanya mazoezi mbele ya kioo bila kukunja paji la uso. Nilipofika mbele ya Shangazi Noh, nilifungua mdomo, ukabaki hivyo. Bahati nzuri nilikuwa nimebeba zawadi. Kopo la krimu nililopewa na Bi. Gu kama sampuli, zuri, la kifuniko cha dhahabu. Nikampa kwa mikono miwili na kuinama.

Aliligeuza. Akasoma kwa sauti: kwa ngozi ya miaka sitini na kuendelea. Akaniuliza nadhani ana miaka mingapi. Nilimwonyesha kwa vidole, kwa unyenyekevu. Sita, halafu mbili.

Ana hamsini na nne.

Alisema basi Jumamosi atafika kwa Bi. Gu, na atawaleta wenzake wote wa kwenye orodha, ili mashine iamue kati yake na mimi. Moyo ulinidunda kwa furaha. Mtu mmoja kukasirika ni hasara. Kumi na tano kukasirika ni umati wa wateja.

Darae nimemwona sokoni. Anamshika kila mama mkono na kumwalika kama wanavyoalikana harusini. Hana mpango wowote, anaongea tu. Inasikitisha.

Jumamosi, 28 Februari

Darae alileta tisa. Bibi yake, majirani, mama wa kibanda cha keki za mchele bado na aproni.

Wangu waliingia kwa pamoja, kumi na tano, nywele mbichi kutoka hamamu. Shangazi Noh mbele. Kila mmoja alijitambulisha kwa Bi. Gu kwa namba yake. "Mimi ndiye namba mbili." "Mimi namba tatu, wa mvuke." Bi. Gu alidhani ni chama.

Mama muuza tofu, miaka sitini na moja, aliweka kidevu. Mashine ikasema arobaini na tisa. Duka zima likapiga makofi. Bibi wa kabati 31 akapunguziwa miaka minane, akaomba apimwe tena kwa kuwa hakusikia vizuri. Shangazi Noh alinitazama mimi, si mashine. Arobaini na tatu.

"Na bado sijalala," akasema.

Mimi sikujali. Kumi na tano kwa tisa. Hesabu ni hesabu. Nilishaanza kuchagua upande wa kaunta usio na dirisha.

Ndipo Bi. Gu akasema na sisi wasichana tupimwe, matokeo ya mfanyakazi wake mpya ayabandike mlangoni. Darae alitangulia, akacheka katikati ya picha. Kumi na nane. Nikakaa mimi. Miezi miwili sijagusa jua. Miezi miwili sijacheka.

Thelathini na sita.

Bi. Gu alifuta kioo cha mashine. Akanipima tena. Thelathini na saba.

Akaniuliza ninafanya nini na uso wangu. Nikamwandikia kwenye karatasi: siki, limau, pumba, mara tano, tabaka kumi na mbili, kuamka saa tisa. Alisoma taratibu. Akasema ngozi ya juu haipo tena, nimejimenya kama karoti, na kwamba usingizi ni wa bure lakini siujui. Akampa Shangazi Noh karatasi.

"Mama Yeseul anatusugua mara moja kwa wiki, eti tunazeeka," Shangazi Noh akawaambia wenzake. "Huyu kajisugua mara tano kwa siku. Namba saba imempata mwenyewe."

Walicheka vibaya sana. Magego matupu. Mama muuza tofu alilazimika kushika rafu.

Bi. Gu akaniita pembeni. Akakiri kwamba kwa hesabu nimeshinda. Lakini uso wa thelathini na saba, akasema, utamuuzia nani krimu? Darae amepata kazi. Alikuja kunipa pole na nusu ya keki yake ya mchele. Nikaikataa. Chumvi inavimbisha macho.

Jumapili, 1 Machi

Mwisho wa subira. Baba alimpigia mjomba simu wakati wa kifungua kinywa. Begi langu lilikuwa mlangoni.

Mama aliinuka mezani. Alivaa koti, akatoka. Baadaye nilisikia kwa Shangazi Noh kwamba alikwenda kwa Mzee Bang, akainama mpaka kiunoni, akamwambia: "Yule mtoto ni wangu, na kosa lake lolote ni langu mimi." Mzee Bang alikuna kichwa, akakubali. Kesho naanza kaunta ya hamamu. Begi limerudi kabatini.

Mambo yamekaa vizuri, kwa kweli, na nadhani ni kwa sababu yangu. Wale kumi na tano wametangaza mtaa mzima kwamba kusuguliwa kunapunguza miaka kumi, mashine imesema. Leo Mama alikuwa na funguo kumi na nne, Shangazi Noh kumi na tatu. Saa saba walichemsha tambi. Sufuria moja.

Usiku Mama akanikalisha. Akaniambia: "Kaunta ni kupokea hela, kutoa tiketi, kutoa ufunguo. Mdomo hauhitajiki, kwa hiyo utaweza. Kalamu nayo haihitajiki. Umenisikia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mama ana huruma, lakini hajasoma sana mambo ya ngozi.

Jumanne, 3 Machi

Siku ya pili kazini. Nimekwisha kuona tatizo la wiki jana.

Orodha ilikuwa ya jumla mno. Hapo ndipo nilipokosea. Mtu akisoma kosa la mwenzake anacheka, akisoma la kwake anakasirika, na hakuna anayejirekebisha. Ushauri unatakiwa uwe wa mtu mmoja mmoja, wa siri, na bila mashine za watu wasiosafisha vioo. Mimi nina macho.

Tiketi za hamamu ni nyeupe upande wa nyuma. Nafasi yote hiyo inapotea! Tangu saa kumi na mbili asubuhi, kila anayelipa namtazama vizuri, naandika nyuma ya tiketi yake umri wa ngozi yake na sababu moja. Kwa ufupi, kwa adabu. "48. Mto mgumu." "66. Wivu." "71. Mume." Nimemaliza ishirini na mbili. Mama muuza tofu nimemrudishia miaka yake yote kumi na miwili, kwa haki.

Ndani kuna kelele nyingi kuliko jana. Naona wanalinganisha.

Mzee Bang ametuma niitwe ofisini juu sasa hivi. Mama ametangulia huko, bado amelowa. Siku ya pili tu, na tayari wanataka kunipandisha cheo.